Njoo na Ukurasa

Hotuba ya kufungua mfululizo wa mihadhara ya uraia na siasa katika chuo kikuu kimoja cha Pwani ya Kenya

Naibu Chansela, wahadhiri, wazee wetu mliofika kutoka mitaa ya jirani, na nyinyi wanafunzi ambao ukumbi huu ni wenu: salaam aleikum, hamjambo nyote.

Tunapotaja siasa za heshima, wengi hufikiri tunaombwa tupunguze sauti au tuyaepuke mambo yenye moto. Sivyo. Pwani hii ina shule ya zamani ya kubishana, na shule hiyo haikuwa ya upole. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilikuwa na uadui wa kweli, uadui wa silaha. Beti zile zilichoma. Lakini malumbano yana sharti lake: anayejibu hushika bahari ile ile, yaani aina ile ile ya shairi, mara nyingi hata vina, na huanzia pale mwenzake alipoishia. Huwezi kujibu shairi ambalo hukulisikiliza mpaka kituo chake. Hiyo ndiyo heshima ninayoizungumzia leo, jibu linaloshika neno la mwenzako.

Katika siasa za sasa, neno la kushika ni ukurasa. Wanafunzi wawili wanaweza kukesha wakibishana kama gavana ni mwizi au ni mchapakazi, na alfajiri ikawakuta pale pale. Waweke mbele ya kitabu cha bajeti ya kaunti, mstari wa zahanati ya wadi yao, waulize: pesa hizi zilitengwa, je, zilitolewa? Hapo ubishi unabadilika sura. Bado wanapingana, tena huenda vikali zaidi, lakini wanapingana juu ya kitu chenye jibu.

Nchi nzima iliona jambo hili mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulitaka mkate utozwe kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16, na magari yatozwe kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani yake. Vijana waliusoma kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha nyingine za nyumbani, wakaueleza kwa video fupi za simu. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini. Makumi ya watu walipoteza maisha katika wiki zile, na hakuna mtu mwenye haki ya kulipita jambo hilo upesi. Ninachowaomba wanafunzi wakishike ni kwamba kabla ya barabara kulikuwa na kusoma. Kusoma huko ndiko kulikomfanya Mkenya wa Turkana na wa Kwale kuzungumzia mkate ule ule kwa maneno yale yale.

Sasa tuingie kazini.

Kazi ya kwanza ni kalenda. Watu wengi hufika kwenye mikutano ya kushirikisha umma wakiwa wamechelewa miezi minane bila kujua. Bajeti ya kaunti haitengenezwi mwezi Juni. Juni huwa inafungwa tu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe. Kufikia 1 Septemba, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka unapelekwa katika bunge la kaunti. Huo ndio waraka unaoorodhesha miradi inayotakiwa katika mwaka wa fedha unaofuata, utakaoanza Julai. Kufikia 28 Februari unakuja waraka wa mkakati wa fedha, ambao huweka kiwango cha juu cha pesa za kila idara: afya kiasi hiki, maji kiasi hiki. Kufikia 30 Aprili makadirio ya bajeti yenyewe yanafika bungeni, na kufikia 30 Juni yanatakiwa yawe yamepitishwa.

Angalieni kinachoharibika hapo. Mwananchi anakuja Mei kuomba kisima. Wakati huo idara ya maji ilishawekewa kiwango chake Februari, na kisima hakikuwemo katika mpango wa Septemba. Anasikilizwa kwa adabu, anapewa soda, jina lake linaandikwa kwenye daftari, basi. Anarudi nyumbani akiamini kwamba ushirikishaji wa umma ni mchezo wa kuigiza. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi zaidi ni kwamba mlango alioubisha ulifungwa zamani. Ombi la kisima ni la Septemba. La kuongezewa idara ya maji fungu ni la Februari. Mei ni mwezi wa kulinda kile kilichokwisha kuingia, na kuuliza kwa nini kingine kimeondolewa.

Kosa la pili la kawaida ni kwenda kwenye ofisi isiyohusika. Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, zahanati na hospitali za kaunti, masoko, barabara za kaunti: hizo ni za kaunti. Polisi, shule za msingi na za sekondari, na vyuo vikuu kama hiki: hizo ni za serikali ya kitaifa. Ukisimama mbele ya kamati ya kaunti ukaomba kituo cha polisi, dakika zako tatu zimekwenda na maji.

Kazi ya pili ni maandishi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nguvu za wanafunzi zinapopotea. Maoni yanayosemwa kwa mdomo katika ukumbi uliojaa watu 200 huingia kwenye ripoti kama sentensi moja: wananchi walilalamikia ada. Maoni yaliyoandikwa vizuri ni vigumu kuyafupisha hivyo.

Tuseme, kwa mfano tu, Mswada wa Fedha wa Kaunti unataka kupandisha kibali cha kibanda cha chakula kutoka shilingi 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka. Memoranda dhaifu, yaani maoni ya maandishi yasiyo na uzito, inasema: ada hii ni kubwa, serikali ituonee huruma. Memoranda yenye meno ina mistari minne. Mstari wa kwanza unataja mahali: Jedwali la Kwanza, namba 14, ukurasa wa 22. Wa pili unanukuu kilichoandikwa, neno kwa neno. Wa tatu unatoa maneno mapya yatakayowekwa badala yake: shilingi 3,500, zilipwe kwa awamu mbili. Wa nne ni sababu, na sababu iwe na hesabu. Mwenye kibanda akibakiza shilingi 400 kwa siku, ongezeko la 2,000 ni faida yake ya siku 5. Zaidi ya hapo, semeni pengo litazibwaje. Ikiwa vibanda ni 600, kushusha ada kutoka 5,000 hadi 3,500 kunaipunguzia kaunti shilingi 900,000. Ingieni katika bajeti, tafuteni 900,000 katika fungu la safari au la vinywaji vya ofisini, litajeni kwa ukurasa. Memoranda inayoomba punguzo bila kuonyesha pengo litazibwa kwa nini ndiyo ya kwanza kuwekwa kando, kwani mjumbe wa kamati akiulizwa na wenzake hana cha kujibu. Mpeni cha kujibu.

Pelekeni nakala mbili kwa Karani wa Bunge la Kaunti. Moja inabaki, nyingine inarudi na mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Msiondoke bila mhuri. Baadaye itafuteni ripoti ya kamati muone memoranda yenu imeandikwaje, maana hakuna atakayewaletea. Katika uamuzi wake wa 29 Oktoba 2024 kuhusu Sheria ya Fedha ya 2023, Mahakama ya Upeo ilisema Bunge halina wajibu wa wazi wa kuandika sababu za kukubali au kukataa kila pendekezo, ingawa kufanya hivyo ni utaratibu mwema. Basi mwenye kufuatilia ni mwenyewe.

Na ukurasa ukikosekana? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza njia. Unaandika barua, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, zote mbili zinakubaliwa. Huhitaji kueleza kwa nini unazitaka habari hizo. Ombi lenyewe halilipiwi. Kinachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa nakala. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ukinyimwa, unakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, tunayoizoea kwa jina la Ombudsman, ndani ya siku 30.

Barua hizi hushindwa kwa sababu moja kubwa: zinaomba bahari. Ukiandika «naomba taarifa zote za matumizi ya idara ya afya», afisa hata akitaka kukusaidia hajui aanzie wapi, na asiyetaka amepata kisingizio. Omba kikombe. Mkataba wa ujenzi wa zahanati fulani, hati za malipo yaliyokwisha kufanywa, na cheti cha kukamilika kwa kazi kama kipo. Vitu vitatu, mradi mmoja, mwaka mmoja wa fedha. Kabla ya barua, tazameni kwanza ripoti za kila robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti, ambazo hutangazwa wazi na zinaonyesha kila kaunti imetumia kiasi gani katika maendeleo na kiasi gani katika mishahara na uendeshaji. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Mkiona asilimia hiyo katika makadirio, itafuteni tena katika matumizi. Mara nyingi hazilingani, na hapo mmepata mada ya mdahalo mzima.

Naingia sasa kwenye ukumbi wenyewe, kwa maana kamati ya wanafunzi itakayoendesha vikao hivi imeketi hapa mbele na kalamu mkononi.

Mada ni nusu ya heshima. «Je, serikali imefaulu?» ni mada ya kugombanisha watu, kwani haina tarehe wala mwenye kuamua. Chagueni uamuzi ambao haujafanywa bado, wenye siku yake, wenye mtu wa kuuamua: je, kaunti ihamishe soko hili au ilikarabati lilipo? Wiki moja kabla ya kikao, toeni kurasa mbili, si zaidi: vifungu vinavyohusika, tarakimu, na tafsiri yake kwa Kiswahili. Nyaraka za kaunti huja kwa Kiingereza na kwa mamia ya kurasa. Mama wa sokoni aliyealikwa kuzungumzia soko lake asikae humu kama mgeni. Idara ya Kiswahili ipo hapa, na kazi hii ya kutafsiri ni mazoezi yanayowafaa wanafunzi wake kabisa.

Kikao ni dakika 120. Ufunguzi 5. Msemaji wa kwanza 20, wa pili mwenye msimamo tofauti 20. Kisha dakika 10 za maswali ya kufafanua tu, ya kuuliza «ulimaanisha nini», bila kupinga. Dakika 50 ni za mjadala. Zinazobaki 15 ni za wasemaji kujibu na za katibu kusoma yaliyokubaliwa na yaliyobaki na utata. Zile 10 za kufafanua ndizo watu wanazotaka kuzikata wakichelewa kuanza. Msizikate. Nusu ya ugomvi wa ukumbini ni mtu kupinga jambo ambalo halikusemwa.

Katika zile 50 kuna kanuni moja ambayo mwendeshaji haachii: kabla ya kumpinga mtu, irudie hoja yake mpaka mwenyewe aseme «ndivyo». Mara ya kwanza ukumbi utacheka na mambo yatakwenda polepole. Vumilieni. Kufikia kikao cha tatu watu watakuwa wanasikiliza tofauti, kwa sababu kila mmoja anajua huenda akatakiwa kurudia.

Kipaza sauti kisitoke mkononi mwa msaidizi. Muulizaji azungumze, msaidizi ashike, dakika moja na nusu. Maiki ikishapita mkononi mwa muulizaji, kuirudisha ni vita, hasa akiwa mkubwa wa watu. Swali la kwanza litoke nyuma ya ukumbi, tena kwa mwanafunzi wa kike akiwepo mwenye mkono juu, maana swali la kwanza ndilo linalowaambia wengine ni nani mwenye ruhusa ya kusema humu. Wekeni pia karatasi ndogo za maswali na sanduku: wapo wenye swali zito na koo kavu. Mkalimani wa lugha ya ishara asimame upande wa msemaji, penye mwanga, asiwekwe pembeni karibu na mlango. Na mmalize saa kumi na moja jioni kamili, ili wanaokaa mbali wapate matatu bila kulipa nauli ya usiku.

Mkimwalika mwanasiasa, mwandikieni masharti mapema, yakubaliwe kwa barua: wasaidizi wawili ukumbini, hakuna fulana wala kofia za chama, atabaki mpaka mwisho wa maswali, na hataacha kitu chochote kwa vijana. Hilo la mwisho ndilo gumu. Bahasha moja ikitolewa mlangoni, hata kwa jina la maji ya kunywa, kikao kinachofuata kitajaa watu waliofuata bahasha. Asipokubali masharti, mwalikeni mwakilishi wadi, au karani wa kamati, au mhandisi wa kaunti. Mhandisi mmoja anayejua mfereji unaishia wapi huzaa mjadala bora kuliko waheshimiwa watatu.

Sasa jambo zito. Baada ya uchaguzi wa 2007 nchi hii ilipoteza watu zaidi ya 1,100, na maneno yalitangulia mapanga. Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kusema, na kifungu hicho hicho kinasema uhuru huo haufiki kwenye uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 imeweka adhabu: faini ya hadi shilingi milioni 1, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Mwaka 2022 tume inayosimamia sheria hiyo iliweka neno «madoadoa», linalotumiwa kuwaita wakazi wanaoonekana kuwa wageni wa eneo, kwenye orodha yake ya maneno ya chuki. Hapa kwetu tuna maneno yetu, «wabara», «watu wa kuja», ambayo mtu huyatamka kama mzaha na jirani yake huyasikia kama notisi ya kuhama.

Mwendeshaji afanye nini neno kama hilo likitoka? Asingoje mwisho. Anyanyue mkono, maiki iondoke mdomoni, amwambie muulizaji aseme hoja yake tena bila kutaja watu. Nyuma ya neno baya mara nyingi kuna dai halali. Pwani, dai hilo aghalabu ni ardhi. Mwulize: shamba gani, hati namba ngapi, nani aliyeidhinisha? Akijibu, tumepata mada, na amebaki na hadhi yake. Akirudia tusi, maiki inakwenda kwa mwingine. Kumfukuza ni hatua ya mwisho, kwa sababu anayefukuzwa huondoka na nusu ya safu yake, na mjadala unahamia nje ambako hauna mwendeshaji.

Limebaki la kura, nalo ni fupi lakini huwaponyoka wanafunzi wengi. Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Utapiga kura katika kituo ulichojiandikisha tu, si kwingine. Kabla ya kujiandikisha, jiulize Agosti hiyo utalala wapi. Anayejiandikisha karibu na chuo kisha likizo ikamkuta kwao Taita au Tana River, ama alipe nauli ya kurudi, ama kura yake ibaki daftarini. Kuhamisha kituo kunawezekana, lakini kwa ombi la angalau siku 90 kabla ya uchaguzi. Na hakuna kinachofanyika bila kitambulisho cha taifa au pasipoti. Aliyetimiza miaka 18 na hana kitambulisho aanze safari ya kwenda kwa ofisi ya usajili wiki hii, akiwa na cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi.

Kikao cha kwanza ni Alhamisi ya wiki ijayo, saa tisa mchana, katika ukumbi huu huu. Mada ni Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti yetu, sehemu ya maji. Kurasa mbili ziko juu ya meza karibu na mlango, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili. Chukueni moja moja, msome, mpige mstari pale mnapopinga, na mje nazo.

Asanteni.